Haya Si ya Dirisha la Benki



Leo sisemi habari za lesi wala shela. Kuna jambo linanikera kila nikilisikia pale dukani kwangu, na nimeona bora niliseme. Mwanamke anakaa kwenye kiti, namchukua vipimo, mazungumzo yanakwenda, mara anasema, "Juzi benki wamenikata pesa mara mbili, lakini basi tena, nimesamehe." Nauliza, kiasi gani? Shilingi 85,000. Nauliza tena, ulikwenda kuwaambia? Hakwenda. Sasa kamsamehe nani? Benki haijui hata kama imesamehewa. Kule pesa imekaa kwenye hesabu inasubiri mwenyewe, na mwenyewe yuko kwangu anaomba nimpunguzie shilingi 5,000 ya mshono.

Na ni sisi hawa hawa tunaokwenda Darajani tukamshika muuza vitambaa nusu saa kwa ajili ya shilingi 2,000. Kwenye soko tuna ulimi. Tukiingia penye kiyoyozi na zulia, ulimi unapotea.

Sababu nazijua kwa sababu nazisikia. Ya kwanza ni haya: kuna foleni, kuna wanaume nyuma yako, mhudumu anakuuliza kwa sauti "tatizo nini?" na kila mtu anageuka. Ya pili ni ule mchanganyiko wa Kiingereza kwenye karatasi zao. Mimi nimemaliza skuli ya sekondari nikaingia kozi ya ushonaji, Kiingereza changu ni cha kusomea lebo ya uzi, na nawaambia kwamba katika miaka yote hii sijawahi kukosa kueleweka benki kwa Kiswahili. Ya tatu ni kumwachia mume au kaka aende. Na ya nne, hii ndiyo inayonikera zaidi, ni kuipaka uvivu rangi ya dini. Tunaita subira. Subira ni kwenda mara tano bila kumtukana mtu. Kukaa nyumbani ukanuna si subira, na hakuna sheikh aliyenifundisha hivyo.

Tulitazame kwa mizani ya dini yetu kwanza. Ukiweka pesa kwenye akaunti yako, ile pesa si kwamba imefungwa kwenye kibweta chenye jina lako. Wanaitumia, na wajibu wao ni kukurudishia unapotaka. Mabenki mengi ya Kiislamu yanaihesabu akaunti ya kawaida ya kuweka na kutoa kuwa ni qardh, yaani wewe umewakopesha wao. Kwa hiyo ukisimama dirishani, aliyesimama pale ni mdai, na aliyekaa ndani ya kioo anamwakilisha mdaiwa. Mtume wetu (S.A.W.) amefundisha kuwa mwenye uwezo akichelewesha kulipa deni analolidaiwa amedhulumu. Sijui kwa nini anayedai ndiye anayetetemeka.

Na pesa iliyomo kwenye akaunti zetu si yetu peke yetu. Mimi nina akaunti moja binafsi, kama wanawake wengi wa biashara ndogo hapa kisiwani, na ndani yake mna ada ya mtoto, mna zamu ya upatu, mna pesa za kutangulizia za mabiharusi ambao nguo zao hata sijazikata. Ile ni amana. Ikikatwa kimakosa na mimi nikanyamaza, nimesamehe kwa mfuko wa mtu.

Ngoja niwape langu, maana ndilo lililonifundisha jinsi mambo haya yanavyokwenda. Mwaka juzi, wiki mbili kabla ya Ramadhani, nilikuwa na nguo sita za harusi mkononi. Nikaenda kwenye mashine ya ATM kutoa shilingi 400,000 za bitana na shanga. Mashine ikahesabu, nikasikia noti zinapigana mle ndani, halafu kimya. Kadi ikarudi, pesa haikutoka. Kabla sijageuka, meseji ikaingia: umetoa shilingi 400,000.

Sikuondoka pale. Nilipiga picha kioo cha mashine na ile namba iliyobandikwa ubavuni, nikaandika saa na dakika, nikaingia ndani ya tawi. Kijana akaniambia kwa adabu, "Subiri siku saba itarudi yenyewe." Mara nyingi kweli hurudi yenyewe, na si vibaya kungoja. Lakini nilimwambia nitangoja nikiwa na karatasi. Nikajaza fomu ya malalamiko, nikaomba nakala yenye muhuri na namba ya kumbukumbu. Akaniambia si lazima. Nikamwambia kwangu ni lazima.

Siku saba zikapita. Nikarudi. Wakaniambia mashine imehesabiwa na haikuzidi kitu. Hapa ndipo wengi wetu tunapokubali tukaondoka, kwa sababu "mashine imehesabiwa" ni neno zito. Nilibaki nikauliza inahesabiwaje, na nashukuru yule dada wa meza ya pili alikuwa na moyo wa kueleza. Ndani ya mashine mna masanduku ya noti, na mna kumbukumbu inayoandika kila tukio: kadi imeingia saa ngapi, imeombwa kiasi gani, noti zimetoka au zimekwama, zimechukuliwa au zimerudishwa ndani. Wanapofungua kujaza pesa upya, wanalinganisha zilizobaki na kumbukumbu. Zikizidi, kuna mtu hakupata zake. Sasa mashine ile ilikuwa imefunguliwa mara mbili katika wiki ile, na waliyoitazama ilikuwa hesabu ya asubuhi, kabla yangu. Mimi nilikwenda saa kumi alasiri. Nikawaonesha picha yangu yenye saa. Wakatazama hesabu ya pili, na shilingi 400,000 zimo, zimezidi, hazina mwenyewe.

Ilirudi siku ya 19. Katikati hapo ilibidi nimwombe mwenzangu wa upatu tubadilishane zamu ili nguo za watu zisichelewe. Pesa ilipoingia nikaona yale makato ya kutolea, shilingi 1,300, hayakurudi. Nikarudi tena. Mhudumu akacheka. Mimi sikucheka. Yakarudishwa siku ile ile.

Mnaweza kusema, shilingi 1,300 nauli ya daladala inaimaliza. Ni kweli. Lakini sikutoa pesa siku ile, na kunikata kwa kazi isiyofanyika ni kosa lile lile, limevaa nguo fupi tu.

Makosa ya aina hii hayana maana kuwa benki ni wezi, na mimi si mtu wa kusema "toeni pesa zenu mkaweke chini ya godoro". Godoro nalo lina panya wake. Mawasiliano yanakatika katikati ya muamala, upande mmoja unaandika "imelipwa" na wa pili hauna habari. Ndivyo inavyokuwa pia ukihamisha pesa kutoka benki kwenda kwenye simu na ikaning'inia. Ukilipa kwa kadi dukani mashine ikasema imeshindikana na muuzaji akaipitisha tena, unaweza kukuta umelipa mara mbili. Na kuna makosa ya mkono wa binadamu, tarakimu moja tu. Ukitumia mashine ya benki nyingine, kuweni tayari kungoja zaidi, kwa sababu mabenki mawili inabidi yalinganishe vitabu vyao, lakini malalamiko unayapeleka kwenye benki yako wewe, iliyokupa kadi. Usikubali kurushwa kama mpira baina ya milango miwili.

Kuandika, dada zangu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an nzima ni ya 282 ya Suratul Baqara, na inazungumzia nini? Kuandika deni. Muda wake, shahidi wake, mwandishi wake, na tunaambiwa tusichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Mimi nina daftari la mistari la shilingi 1,000, kurasa za mbele vipimo vya wateja, kurasa za nyuma benki. Nikienda benki naandika tarehe, nimeonana na nani (jina limo kwenye beji kifuani, hulazimiki kuuliza), kaniambia nini, kaniahidi siku gani. Meseji za benki sizifuti. Na kila mwisho wa mwezi nakaa na taarifa ya akaunti, mstari kwa mstari, kama ninavyokagua pindo. Wallahi nusu saa inatosha.

Kuna dada mmoja aliniambia kukagua sana ni kukosa imani na watu. Nilimkumbusha Bibi Khadija (R.A.). Alipompa Mtume wetu (S.A.W.) mali aende nayo Sham, kabla ya utume, alikuwa anajua kuwa huyu ndiye Al-Amin, Makka nzima inamjua hivyo. Pamoja na hayo alimtuma Maysara aende naye kwenye msafara, na Maysara aliporudi alimweleza aliyoyaona. Hakuna aliyesema Bibi Khadija ana roho mbaya. Ni mfanyabiashara, na mali yake anaifuatilia.

Sasa tuseme umekwenda, umejaza fomu, umerudi mara tatu, na benki bado inakuzungusha, au imekujibu jibu ambalo haliingii akilini. Hapo wengi hawajui kuwa kuna mlango wa juu. Benki Kuu ya Tanzania ndiyo inayosimamia mabenki yote, Bara na Visiwani, na ina ofisi hapa hapa Unguja. Tangu mwaka 2019 kuna kanuni zake za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, zinazolazimisha kila benki iwe na utaratibu wa kupokea malalamiko na kuyajibu, na Benki Kuu yenyewe ina dawati la kushughulikia malalamiko yaliyoshindikana. Masharti yake ni uanze na benki yako kwanza. Ndiyo maana nikasisitiza nakala yenye muhuri. Bila ile, huko juu utakuwa unasimulia tu. Mimi mara moja nilitaja tu kwa upole kwamba nitaandika barua Benki Kuu, na meneja ambaye alikuwa "kikaoni" akatoka kikaoni.

Nakuja kwa mabiharusi, maana kwenu ndiko kwenye hatari kubwa na hamuambiwi. Somo atakufundisha kujifukiza udi na kupiga singo, lakini sijasikia somo anayemuuliza mwari, "Mahari yako itaingia wapi, na meseji yake itakwenda kwa nani?"

Mahari ni yako. Suratun Nisaa iko wazi, wapewe wanawake mahari yao, na wao wakipenda kutoa kitu kwa ridhaa yao ndipo kiliwe. Si ya baba, si ya kaka, si ya kamati ya shughuli. Sasa nimeona mabinti wengi akaunti ni yao kwa jina, lakini namba ya simu iliyounganishwa ni ya kaka, kwa sababu alipofungua akaunti alikuwa hana simu. Pesa ikikatwa kimakosa anayejua ni kaka, na kaka yuko Muscat au yuko baharini. Wengine laini wanayotumia imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Siku ikipotea, hata kuirudisha hawezi bila yule mtu. Kabla ya kununua udi wa kifukizo, nendeni mkaweke namba zenu wenyewe. Na majina yafanane: kama kitambulisho kinasema majina matatu na benki wameandika mawili, au wameandika "Zuwena" na wewe ni "Zuena", malalamiko yako yataanza kwa wewe kuthibitisha kuwa ni wewe.

Mahari ikiwekwa kwa wakala, yule anayeweka asome jina linalotokea kwenye mashine kabla wakala hajabonyeza kukubali. Jina lote, hadi la babu. Nitawaambia chini kwa nini.

Lakini kwanza kuna kosa moja ambalo wengi hata hawalioni kuwa ni kosa, kwa sababu linaongeza badala ya kupunguza. Hapa kwetu tunalo chaguo. Amana Bank ilianza mwaka 2011 kuwa benki kamili ya Kiislamu ya mwanzo nchini, na mabenki mengine kadhaa, pamoja na PBZ yetu, yana huduma ya Kiislamu pembeni ya ile ya kawaida. Huko kwenye milango miwili ndiko mtu anaposema "nataka ya Kiislamu" na anayejaza fomu anaweka alama kwenye kisanduku cha akiba ya kawaida. Mteja wangu mmoja alikaa karibu mwaka mzima hivyo. Kila baada ya miezi kidogo kunaingia shilingi 400 na kitu, 600 na kitu, yeye anadhani ni pesa yake tu imezunguka. Ilikuwa riba, dada zangu, inaingia kwa dhamana ya jina lake na yeye hana habari.

Alichofanya ni kwenda kuomba akaunti ihamishwe, kwa maandishi, na wampigie hesabu ya yote iliyoingia. Ilifika shilingi 3,870. Masheikh wengi wanasema pesa ya namna hiyo itolewe kwa wenye shida, bila ya kuinuia sadaka, kwa sababu huwezi kutoa sadaka kwa kisicho chako. Yeye alikwenda kumuuliza sheikh wake na ndivyo alivyoelekezwa. Wewe muulize wako. Ila kwanza angalia karatasi ya akaunti yako imeandikwa nini, leo, usingoje mtu akuambie.

Na hapa nataka tuwe waadilifu, tusije tukawa wakali wa haki zetu tu. Pesa isiyo yako ikiingia kwako, si riziki iliyoshuka. Nimewahi kusikia mtu mzima anasema "Mungu kanifungulia", na huku jina la aliyetuma liko wazi kwenye meseji. Mungu hafungui mlango wa mtu kwa kuvunja wa jirani. Iache kama ilivyo, usiiguse, nenda benki uwaambie. Lakini usiirudishe mwenyewe kwa kumtumia anayepiga simu akilia kuwa "nimekosea namba, dada nisaidie". Kuna wanaoigiza. Wanatunga meseji ya uongo inayofanana na ya benki, salio lako halijaongezeka hata senti, na wewe kwa huruma yako unatuma pesa yako halisi. Hata kama imeingia kweli, irudi kwa njia iliyojia, kupitia benki au kampuni ya simu, waifuate wao. Na mtu yeyote anayekuomba namba ya siri ili "kurekebisha kosa" ni mwizi, hata akijua jina la baba yako.

Sasa ile ya wakala. Kuna biharusi wangu, msichana wa shamba, mahari yake ilikuwa shilingi 1,500,000. Kijana wao aliyetumwa akaenda kwa wakala, wakala akakosea tarakimu moja, jina likatokea na hakuna aliyelisoma. Pesa ikaenda. Ilikuwa Jumatano, na ndoa ilikuwa Ijumaa ya wiki inayofuata. Nyumbani ilikuwa msiba. Bibi yake alianza kusema ni kijicho. Mimi nikawaambia kijicho hakiandiki namba, tutazameni risiti. Risiti ilikuwepo, alhamdulillahi, na namba iliyokosewa imo.

Tulikwenda benki asubuhi ya Alkhamisi, biharusi mwenyewe amejifunika vizuri, kakaa mbele, kasema mwenyewe. Nilimkataza mtu yeyote kumsemea. Wakatueleza kuwa pesa ikishaingia kwenye akaunti ya mtu hawawezi kuichomoa tu kwa neno letu, hata wakiamini. Wataizuia isitolewe, watampigia mwenye akaunti, na akikubali atasaini fomu irudi. Akikataa, ni polisi na mahakama, na hiyo ni safari nyingine.

Mwenye akaunti alikuwa mama mmoja wa Mkokotoni, anauza dagaa. Alikuwa ameshaiona ile pesa na hajaigusa, ila hakujua aende wapi. Jumatatu akapanda daladala akaja mjini akasaini. Mama wa biharusi alimpelekea doti ya kanga na mwaliko, na siku ya harusi alikuja nayo, kakaa mstari wa mbele na akina shangazi.